Hazina ya bure mtaani: mwindaji nani, mawindo nani?

Hebu tuseme umeamka Jumamosi moja pale mtaani Tuwan, Kitale, ukawakuta vijana wa bodaboda wamekusanyika wakinong'onezana kana kwamba wanapanga njama. Unasogea, unasikia kwamba kuna hazina imefichwa mjini. Si dhahabu wala si bunda la noti. Ni sarafu ya kidijitali, ile pesa isiyoshikika mkononi, ambayo makao yake ni ndani ya simu na kompyuta. Kidokezo cha kwanza, wanasema, kimebandikwa kwenye mlingoti karibu na steji ya matatu. Cha pili kiko upande wa makavazi. Cha tatu hupewi mpaka uandikishe jina lako, nambari ya kitambulisho na nambari za simu za marafiki watano. Atakayefika mwisho wa safari atatia kibindoni sarafu za thamani ya shilingi laki moja. Je, utarudi kulala?

Sidhani. Hata mimi ninayeandika haya ningetafuta viatu.

Kisa hicho cha Tuwan nimekitunga ili tupate pa kuanzia. Mchezo wenyewe, hata hivyo, ni wa kweli, na umechezwa mara kadhaa ulimwenguni na watu wanaotaka sarafu zao zijulikane. Mnamo Aprili 2019 kundi moja la wafanyabiashara wa Marekani lilianzisha msako lililouita Satoshi's Treasure, kwa heshima ya yule mtu au watu waliobuni Bitcoin na kujificha nyuma ya jina la Satoshi Nakamoto. Zawadi ilikuwa Bitcoin za thamani ya dola milioni moja. Ufunguo wa siri wa kuzifungua ulikatwakatwa kwa njia ya hesabu ukawa vipande 1,000, na aliyetaka kuufikia mkoba alihitaji kukusanya angalau vipande 400. Vipande vilitolewa kidogo kidogo, vingine vikiwa mafumbo ya kompyuta na vingine vikiwa vimewekwa mahali halisi pa kuendea kwa miguu. Unaona ujanja wake? Mtu mmoja peke yake hawezi. Ni lazima uwaite wenzako, nao wawaite wao, na kila anayeitwa ni lazima kwanza afundishwe Bitcoin ni kitu gani.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mei 2018, kampuni ya mtandao wa ASKfm ilikuwa ikizindua sarafu yake yenyewe. Iliwadhamini wapanda milima wanne kutoka Ukraine wakafika kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya bahari, zaidi ya mara mbili ya huu Mlima Elgon tunaouona kutoka Kitale. Huko juu wakaacha kifaa kidogo kilichobeba sarafu 500,000 za kampuni hiyo, ambazo kampuni ilidai zilikuwa na thamani ya dola 50,000. Anayezitaka, apande. Sherpa mmoja aliyekuwa na msafara huo alifariki katika kushuka.

Nimeviweka visa hivi viwili pamoja kwa sababu kuna tofauti kati yavyo ambayo ni rahisi kutoiona. Wale wa Satoshi's Treasure walitoa zawadi ya Bitcoin, sarafu ambayo tayari ilikuwa na bei sokoni. Ili uipate ni lazima uinunue, au upewe, au uizalishe kwa kompyuta na umeme mwingi. Wale wa Everest walificha sarafu waliyoitengeneza wao wenyewe. Ni kama mwenye duka pale Tuwan achukue karatasi, aandike juu yake "hii ni shilingi elfu kumi", aifukie chini ya mwarobaini, kisha awatangazie watu kwamba amefukia shilingi elfu kumi. Amefukia karatasi. Itakuwa elfu kumi siku atakapopatikana mtu wa kuipokea kwa bei hiyo, na mtu huyo hatapatikana mpaka karatasi ijulikane. Ndiyo maana akaifukia.

Mambo ya kuficha zawadi ili watu wakimbie si ya jana, na sisi wa magazeti hatuna haki ya kujifanya watakatifu. Mnamo 1904 gazeti la Weekly Dispatch la London lilificha medali huku na huko, kila moja ikiwa na thamani ya pauni kadhaa, na vidokezo vikachapishwa kurasani. Watu walinunua gazeti, wakachukua majembe na sepeto, wakaanza kuchimbua bustani na njia za umma usiku na mchana. Na huko Ufilipino mwaka 1992 kampuni ya Pepsi ilichapisha nambari ndani ya vifuniko vya soda. Tarehe 25 Mei ikatangazwa kwamba nambari 349 ndiyo yenye zawadi kubwa, hadi peso milioni moja. Kumbe nambari hiyo ilikuwa kwenye vifuniko takriban laki nane. Kampuni ilikataa kulipa kiasi kilichotangazwa, magari yake yakachomwa moto, na watu wasiopungua watano wakapoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Sisi tuliokulia katika enzi ya kukwangua vifuniko vya soda kwa ncha ya kisu tunaelewa jinsi roho inavyopaa mtu anapoona herufi ya kwanza ya jina la zawadi.

Lakini Pepsi, hata baada ya aibu hiyo, ilibaki na soda ya kuuza. Anayekunywa anakunywa. Sarafu mpya haina soda ndani yake. Thamani yake yote ni kwamba kuna watu wengine wanaoikubali. Shilingi yetu inakubalika kwa sababu Benki Kuu iko nyuma yake, ushuru hulipwa kwayo, na mama mboga anajua kwamba mwenye nyumba ataipokea mwisho wa mwezi. Sarafu iliyobuniwa jana na kijana mwenye kompyuta haina lolote kati ya hayo. Inahitaji umati, na njia ya haraka ya kupata umati ni kugawa bure au kuficha. Hata Bitcoin yenyewe ilianza hivyo. Mnamo 2010 mtaalamu wa kompyuta aitwaye Gavin Andresen alinunua Bitcoin 10,000 kwa dola 50, akafungua ukurasa kwenye intaneti ambako kila aliyeingia alipewa Bitcoin tano bure. Tano! Wakati ule hazikuweza kununua hata mandazi, ndiyo sababu aliweza kuwa mkarimu kiasi hicho.

Kwa hivyo anayekuficha hazina ya sarafu mpya haji kukupa mali. Anakuja kutafuta watu ambao wataifanya karatasi yake iwe mali.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wa karibu zaidi kuliko Everest. Unakumbuka Julai 2023? Tarehe 24 mwezi huo, mradi wa Worldcoin, ambao Mmarekani Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, ulizinduliwa rasmi. Hazina haikufichwa chini ya mti. Ilifichwa, ukipenda kusema hivyo, ndani ya jicho lako. Ulitakiwa kusimama mbele ya mtambo wa mviringo unaong'aa kama mpira wa chuma, ukapigwa picha ya mboni ya jicho, kisha ukaahidiwa sarafu 25 ambazo kwa bei ya siku zile zilikuwa sawa na shilingi 7,000 hivi. Foleni za Nairobi zilikuwa za kustaajabisha. Pale KICC watu walifurika kiasi kwamba shughuli ilibidi isimamishwe. Walikuwapo wanafunzi wa vyuo, akina mama na watoto mgongoni, wazee waliokuwa hawajui hata jina la kitu wanachopewa. Waliokuwa na haraka waliziuza sarafu zao siku hiyo hiyo, wakapokea pesa kwa M-Pesa na kwenda zao.

Sitaki kuwacheka. Shilingi 7,000 kwa nyumba ya Tuwan ni unga, mafuta na sehemu ya kodi ya nyumba. Kwa mwanafunzi aliyefungiwa nje ya chumba cha mtihani kwa sababu ya karo, ni tofauti kati ya kuendelea na kurudi nyumbani. Mtu mwenye njaa akiambiwa atazame mpira unaong'aa kwa dakika chache apate unga, atatazama. Hata kabla ya uzinduzi huo mawakala walikuwa wakizunguka mitaani na vyuoni, na wengi wao walikuwa vijana wanaolipwa kwa hesabu ya vichwa walivyoandikisha. Kadiri unavyoleta marafiki, ndivyo mfuko unavyonona. Nani angekaa chini kumweleza rafikiye mboni ya jicho ni nini na itahifadhiwa wapi?

Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilikuwa imeagiza mnamo Mei 2023 kwamba ukusanyaji huo usimamishwe. Haukusimama. Tarehe 2 Agosti waziri wa usalama wa ndani, Profesa Kithure Kindiki, akapiga marufuku shughuli zote. Kufikia wakati huo Wakenya takriban 350,000 walikuwa wamekwisha kupigwa picha za macho. Kamati maalum ya Bunge iliyoongozwa na mbunge wa Narok Magharibi, Gabriel Tongoyo, ikapendekeza mradi ufungwe nchini. Juni 2024 idara ya upelelezi wa jinai ikafunga faili yake. Wengi wakadhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia. Taasisi ya Katiba ilikuwa imekwenda mahakamani, na tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamua kwamba data hizo zilikusanywa kinyume cha sheria, bila tathmini inayotakiwa ya athari zake, na kwamba idhini iliyotolewa kwa kuvutwa na sarafu haikuwa idhini halali. Akaamuru picha hizo zifutwe katika muda wa siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Soma tena hilo la idhini, maana lina uzito. Tumezoea kusema kwamba mtu mzima akikubali, amekubali. Mahakama inasema kwamba ukimpungia mtu hela mbele ya uso ili akukabidhi kitu ambacho hawezi kukibadilisha maisha yake yote, "ndiyo" yake ina walakini. Nambari ya siri ya simu ikivuja utaweka nyingine. Mboni ikivuja utaweka nini?

Na sarafu zenyewe zikawaje? Machi 2024 bei ya sarafu moja ya Worldcoin ilipita dola kumi. Aprili 2025 ilikuwa imeteremka chini ya dola moja. Aliyeuza siku ya foleni alijuta, kisha aliyehifadhi naye akajuta. Ni hali ya kawaida ya vitu hivi, na sitajitia unabii wa kukuambia kesho bei itakuwa ngapi.

Sasa linganisha na pesa ya simu ambayo haikuhitaji kufichwa popote. Watu wa Kitale na Bungoma wanakumbuka vizuri jinsi fedha zilivyosafiri zamani. Mwana aliye kazini Nairobi alitia noti ndani ya bahasha, akampa dereva wa basi au jirani anayerudi nyumbani, kisha familia ikabaki ikisali. Wengine walikwenda posta kupanga foleni ya hundi. M-Pesa ilianza kwa majaribio Thika mwaka 2005, ikiwa imekusudiwa watu walipie mikopo midogo. Wenye kuijaribu wakaanza kuitumia kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye kampuni wakaona, na ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa mfupi tu: tuma pesa nyumbani. Tangazo lilikuwako, ndiyo, tena tele. Lakini mtu alijisajili kwa sababu mamake alikuwa Chwele akingoja shilingi mia tano, si kwa sababu ya fumbo lililobandikwa mlingotini.

Mfano mwingine ni wa mtaa maskini kama Tuwan. Mnamo Mei 2013 wafanyabiashara wadogo zaidi ya mia moja wa kijiji cha Bangladesh, Mombasa, walianza kutumia hati zao walizoziita Bangla-Pesa, wakisaidiwa na Mmarekani Will Ruddick. Fundi cherehani alipokosa wateja wenye shilingi, alishona nguo akalipwa kwa hati, akaenda nazo kununua samaki kwa jirani aliyekuwa mwanachama pia. Serikali ilishtuka. Ruddick na wenzake watano walikamatwa na kushtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa Agosti mwaka huo huo. Wazo hilo baadaye likahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, likatumiwa na maelfu ya watu. Mtu anaweza kubishana kama ni zuri au si zuri. Mimi nina mashaka yangu kuhusu pesa ambayo haivuki barabara kuu. Lakini angalia walivyoanza: walianza na samaki, nguo na mboga vilivyokuwapo tayari, ndipo wakatafuta hati ya kuvizungusha. Msako wa hazina huanza na hati, ukitumaini samaki atakuja baadaye.

Basi siku msako wa kweli utakapofika mtaani kwako, na kwa jinsi simu zilivyoenea sitashangaa ukifika, swali la kwanza ni lile la mama mboga. Nenda kwake na kikapu. Muulize kama atakupa sukuma wiki na gorogoro ya mahindi kwa sarafu hiyo. Akikataa, muulize wakala wa M-Pesa. Akikataa naye, jua kwamba unachokimbilia kitakuwa na bei ikiwa tu utampata mkimbiaji mwingine nyuma yako.

Swali la pili linahusu hazina yenyewe, na hapa sarafu za kidijitali zina sifa moja ambayo vifuniko vya soda havikuwa nayo. Sarafu kama Bitcoin zina daftari la wazi kwenye intaneti. Mwandalizi akitaja anwani ya mkoba aliouficha, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuona ndani yake mna kiasi gani na kama kimeguswa. Mwandalizi anayekataa kutaja anwani hana sababu nzuri ya kukataa. Pamoja na hayo, usisahau jambo hili: mkoba wa kidijitali hufunguliwa kwa maneno ya siri, mara nyingi 12 au 24, na yeyote anayeyajua ndiye mwenye mali. Sanduku la dhahabu likifukiwa, aliyelifukia ni lazima arudi na jembe kulichukua. Mkoba wa sarafu aweza kuukomba akiwa kitandani Ulaya, wewe ukiwa bado unapekua vichaka vya Tuwan, kwa sababu maneno yale ameyabakiza na yeye. Ukibahatika kuupata, hamisha kilichomo papo hapo.

Wapo pia wezi wa kawaida, ambao hawana hata sarafu ya kuficha. Hubandika ukutani ile picha ya miraba myeusi na myeupe, ukiipiga kwa simu inakupeleka kwenye ukurasa unaokuomba PIN yako ya M-Pesa au yale maneno ya siri ya mkoba wako mwenyewe ili, eti, zawadi iingie. Zawadi ya kweli haihitaji kujua siri yako ili ikufikie. Atakayekutumia pesa anahitaji nambari yako, basi.

Wazazi nao wana kibarua. Mtoto wa shule ya upili atausikia msako huu kabla yako, na kwake utakuwa mchezo wa akili, kitu cha kusifika mbele ya wenzake. Usimkataze kwa ukali kabla ya kumsikiliza, maana mafumbo mengine ni mazuri kweli na yanafundisha hesabu. Kaa naye muone pamoja ukurasa unaulizwa nini. Ukifika mahali pa kitambulisho, picha ya uso, alama za vidole au majina ya marafiki, hapo ndipo bei inapotajwa. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kuidhinisha data zake zichukuliwe bila mzazi au mlezi, na hilo limo katika Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Kuna habari njema kidogo. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria inayosimamia watoaji wa huduma za mali za kidijitali, na kazi ya kuwapa leseni imewekwa mikononi mwa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kwa hivyo anayekuja na sarafu yake mtaani una haki ya kumwuliza leseni yake iko wapi.

Na wewe uliyekwisha kupanga foleni mwaka ule, au uliyemwachia wakala fulani nambari ya kitambulisho chako kwa ajili ya zawadi ambayo hukuiona, hujachelewa. Sheria hiyo ya 2019 inakuruhusu kumwandikia aliyechukua data zako ukitaka kujua anazo zipi, na kumtaka azifute ikiwa alizipata isivyo halali au hana tena sababu ya kuzishika. Akinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Andika tarehe, mahali ulipoandikishwa na ulichoahidiwa, na ubaki na nakala ya barua.